Katekista Aliyeanza Tena Kusali Barabarani

Wasikilizaji wapendwa, popote mnapotusikia asubuhi hii, karibuni tumkumbuke Mzee Damascène, katekista wa kigango cha Misiera, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ametutoka Jumanne. Tumemzika Alhamisi.

Alikuja na mkewe Cansilde kutoka Burundi. Alilima mahindi na maharage. Padri akiwa mbali, Damascène ndiye aliyefundisha. Damascène ndiye aliyezika.

Kisha jirani yake Valentin akafiwa na binti, Gaju. Huko Burundi, ndugu za Valentin walikuwa wamechoma nyumba ya baba yake Damascène. Kwa hiyo Valentin alipokuja kuomba maziko, Damascène alimjibu, "Tafuta mwingine." Gaju akazikwa bila sala. Ndiyo, wapendwa, bila sala.

Tangu hapo sala zilimshinda. Mama Cansilde anasema: "Akifika kwa 'kama tunavyowasamehe', anaishia hapo. Akaniambia, Mungu ameniacha. Nikamwambia, weye ndiye umetoka. Yeye yuko fasi ile ile."

Damascène hakusikia. Akahamia mji wa Bwizibwera, akawa anabeba maziwa kwa baiskeli, kutoka kwa wafugaji hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Miaka ikapita, kanisani hakanyagi.

Asubuhi moja akamkuta Yayeri, mke wa mwanajeshi, ameketi kando ya barabara, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Akashusha mitungi ya maziwa, akampakia, akaisukuma baiskeli kuelekea zahanati. Yayeri mwenyewe alitusimulia:

"Mimi nasema, mzee, niombee. Yeye nasema, mimi hapana mtu ya kuomba, nilikosea Mungu. Nasema, wewe omba tu! Mungu iko hapa kwa barabara!"

Basi akaomba, anasukuma na machozi yanamtoka. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike.

Damascène alirudi Nakivale, moja kwa moja hadi kwa Valentin, akapiga magoti uani.

"Sikumpa mkono," Valentin anakumbuka. "Nilimwambia, miye baadaye. Anza na mtoto." Wakaenda kaburini kwa Gaju. Damascène akasoma sala za maziko zote, mwanzo hadi mwisho. Msamaha wa Valentin haukuja siku hiyo. Ulikuja polepole, wakipalilia pamoja, msimu baada ya msimu. "Siku moja nilimwona anakuja, nikajikuta nafurahi," anasema.

Damascène alirudishiwa kazi yake ya ukatekista, na watu walioona aibu kumrudia Mungu walimtafuta yeye kwanza.

Mama Cansilde, watoto, wanakigango, poleni sana. Mwenyezi Mungu ampokee.

Na wewe unayesikiliza, uliyetoka njiani ukadhani umechelewa, tafakari maneno ambayo Mzee Damascène aliwaambia wanafunzi wake wa mwisho: "Ukipotea, usingoje ufike nyumbani ndipo umwite Mungu. Mwite hapo hapo ulipopotelea. Atakusikia, na mtatembea wote."