Godoro la Mzee Salmini

Philomena, kiti cha mbele kando ya dereva, alijifanya anatazama barabara, masikio yote yakiwa kiti cha nyuma. Tangu mchomoko wao, gari dogo la abiria, utoke Ushirombo, Mzee Salmini alikuwa akimweleza Mama Zakia, abiria mwenzake tu, jinsi alivyompa bintiye Mwaisha nyumba.

"Si ungeandika wasia, mzee wangu?" aliuliza Mama Zakia.

"Mrithi haandikiwi wasia, mpaka warithi wenzake waridhie. Na kaka zake wako machimboni, hata kunijulia hali hawaji. Nikifa watakuja mbio! Shehe akasema nimpe hiba, zawadi ya mkono kwa mkono nikiwa hai, na nimkabidhi kwelikweli. Nikampa funguo mbele ya mashahidi, nikatoa godoro langu, nikaenda kwa dada yangu."

"Sasa unarudi wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

Mzee akakohoa. "Kwangu. Yaani, kwa Mwaisha."

"Kwa hiyo wewe ni mgeni?"

"Mimi ni baba yake!"

"Hilo sibishi, babu. Nauliza, akiolewa, mumewe akikukataa?"

Philomena, aliyekuwa upande wa mzee tangu mwanzo, hakujua tena yuko upande gani. Dereva naye alikuwa amepunguza sauti ya redio.

Walipofika Katoro, gari likasimama mbele ya mlango wa bluu. Mzee akashusha godoro, akausukuma mlango kwa mazoea. Ukafunguka. Akasita, akaurudisha taratibu.

"Hodi!" akaita, akasubiri.