Barua Iliyobaki Ndani ya Biblia ya Pitshou

Marehemu Guerschom Bisimwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Kaziba, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa nne katika familia yao. Wasifu huu umetoka kwangu, Blandine, mkewe. Ule ulioandaliwa na ukoo haukunitaja, kwa hiyo niliukataa.

Alisoma shule ya msingi hapo Kaziba, akafika mwaka wa tatu wa sekondari, kisha vita vya 1996 vikafunga shule. Mimi sikusoma kabisa. Kila mtoto alipozaliwa aliniandikia jina lake kwa chaki ya kushonea, kwenye kitambaa, nilione.

Tulifunga ndoa Bukavu tarehe 7 Agosti 1999. Mwaka 2012 tulihamia Kampala, tukapanga chumba mtaa wa Kamwokya. Alipata meza ya ushonaji katika soko la Owino, akirekebisha suti za mitumba, na kazi yake ilikuwa safi.

Tangu mwaka 2023, akichelewa kula alikuwa akitoka jasho, akitetemeka, akisema maneno yasiyoshikana. Siku moja alishona mkono wa koti kwenye mguu wa suruali. Wenzake wakamwuliza, "Fundi, leo umekunywa ya nani?" Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe. Nilimpa chai yenye sukari nyingi. Baada ya robo saa aliitazama ile nguo, akacheka mpaka machozi, akaifumua mwenyewe.

Kliniki ya kwanza ilimpima sukari mchana, akiwa ametoka kula. Wakasema hana kisukari, kwa hiyo sukari si shida yake. Nesi Ayaa, wa kliniki ya pili, ndiye aliyeuliza vizuri: kama anakunywa pombe, kama nyumbani kuna vidonge vya kisukari, kama hali humjia kabla ya kula. Akaniambia nimlete hali ikiwa imemshika.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 nilimfikisha asubuhi, ameloa jasho, hanijui. Alitobolewa kidole, mashine ikasoma 2.1. Nesi alisema hata chini ya tatu ni hatari. Alipewa glukosi, akaniita kwa jina. Nesi akaandika barua, aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Nilimwomba anisomee mara tatu.

Pitshou, kaka yake, mzee wa kanisa, alikuja na gari. Aliisoma barua, akaona kwamba hata hospitalini atanyimwa chakula ili achunguzwe.

"Shemeji," akaniambia, "kama hata madaktari wanataka afunge, atafunga mbele ya Mungu. Wewe baki. Hiyo sukari yako ndiyo kamba uliyomfungia."

Akaiweka barua ndani ya Biblia, akampeleka kwenye chumba cha maombi. Jumapili nilifika mlangoni na chupa ya chai, wakanirudisha. Jumatatu tarehe 10, saa mbili asubuhi, Guerschom alianza kutetemeka. Waliokuwa wakimwombea walipiga makofi, wakisema pepo anatoka. Saa nne alikuwa amekufa. Haya nimeelezwa na mmoja wa waliopiga makofi.

Tangu msiba uanze mnanong'ona kwamba nilimlisha sukari yenye dawa. Basi isikieni barua, mimi nisiyehitaji karatasi: "Mgonjwa hana kisukari. Sukari yake hushuka mpaka akachanganyikiwa, na akipewa sukari hurudi sawa. Alazwe, achunguzwe chanzo. Asifunge chakula popote isipokuwa wodini, daktari akimwangalia."

Pitshou, umekaa mstari wa mbele, na Biblia iko mapajani mwako. Ifungue, uwaambie watu kama nimeruka neno.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni mimi, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mmoja aliyeko Uvira, na kaka mmoja, huyo hapo.

Mungu amlaze pema, lakini kwanza ampe chakula.