Bibi Shamba wa Kirua na Mibuni ya Mzee Filemon

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Aikaeli Mlay, afisa ugani wetu wa Kirua Vunjo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu.

Alianza kazi kwa miguu, akipanda milima na kikapu cha miche ya kahawa kichwani. Alipopewa pikipiki, siku ya kwanza tu aliingia nayo mgombani, akaangusha mikungu miwili. Wenyeji walicheka mpaka machozi, kisha wakamfungia ndizi akapike. Tangu hapo akawa "bibi shamba wetu". Walimwamini.

Miaka ikapita, mifongo, ile mifereji ya asili iletayo maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya ukoo, ikaanza kukauka. Likaja agizo: mazao yote yaliyo ndani ya mita sitini kutoka mtoni yaondolewe ili maji yarudi. Mimi ninayeandika haya, mwenzake wa ofisini, ndiye niliyeshika ncha ya pili ya futi kamba tulipopima kihamba cha mzee Filemon. Karibu chote kiliangukia ndani ya mita hizo.

"Mwanangu," mzee alimuuliza, "nikiing'oa mibuni hii ya baba yangu, maji yatarudi?"

"Yatarudi, baba," Aikaeli akajibu. Aliamini hivyo.

Mzee aliing'oa mwenyewe. Masika ya mwaka ule yakawa hafifu, ya mwaka uliofuata hafifu zaidi, mto ukabaki mawe. Aikaeli aliandika ripoti kumi na moja akiomba miche ya miti, kisima, au angalau mtaalamu aje aone. Tuliletewa mabango ya kuhimiza watu watunze mto. Watoto wa mzee walishuka Holili, mpakani, kubeba mizigo. Yeye alibaki, na kila Aikaeli alipopita akimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kwa upole. Upole huo, aliniambia Aikaeli, ulimuuma kuliko matusi.

Mwaka jana tulimzika mzee Filemon. Aikaeli aliombwa kusema neno. Alisimama, akatutazama, akaketi.

Hakupima tena shamba la mtu. Alipoandikiwa barua ya onyo kwa kukataa kupima, aliisoma, akaiacha mezani, akaenda kuwatembelea wakulima.

Nafasi yake haijapata mtu. Kuanzia Julai, atakayekuja kutuuliza apande nini atatukuta sisi tuliobaki, nasi hatujui.

Mama Aikaeli, asante kwa kuwaendea watu hata ulipokuwa huna la kuwapa. Tunakuombea afya njema huko Shirimatunda unakokwenda kupumzika, na usingizi.