Mzee Punje na Maji ya Mtaroni

Ndugu, jamaa na majirani, baba tunayemsindikiza leo, mliyezoea kumwita Mzee Punje, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi hadi 1966, karo ikagoma, naye akabaki nyumbani kumsaidia baba yake.

Tarehe 2 Juni 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa, na Desemba 1976 akamwoa mama yetu, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote walifuliwa nguo kwa maji ya mtaro wa kiwanda na kwenda shule na kola za bluu, wakataniwa weee mpaka basi.

Mwaka 1998 alikabidhiwa mapipa ya punje nyeupe za plastiki zinazonasa rangi, maji machafu yakapita humo yakatoka meupe, na punje zikishiba aliziosha kwa spiriti, zikaitema rangi, zikarudi kazini, na kila jioni alileta chupa ya maji ya mtaroni, akaiweka dirishani, akatuita tuione kana kwamba kaleta mgeni. Ukifanya kosa shuleni hakukuchapa, alisema hata punje huoshwa ikarudi kazini.

Alistaafu 2011. Kisukari kilimpofusha 2019, na mwaka 2021 kiwanda kikaacha kutumia punje, mtaro ukarudia rangi, safari hii nyekundu, naye kila asubuhi akiuliza maji yana rangi gani, mama akamjibu ni meupe, nasi sote, Mungu atusamehe, tukaitikia.

Mwanawe mkubwa, ndiye huyu anayewasomea, uongo ulimshinda kuubeba, akachukua kopo la punje ambalo marehemu alilitunza chini ya kitanda, akazifunga ndani ya soksi na kuzitumbukiza mtaroni, looo, kabla ya adhuhuri zilikuwa zimeshiba na maji hayakubadilika hata kidogo, na kwa kuwa hakuwahi kumuuliza baba yake aliziosha kwa spiriti gani wala kwa kipimo gani, alizichemsha sufuriani, zikagandamana zikawa bonge moja. Marehemu alisikia harufu, akauliza nini kinaungua, akaambiwa ni mfuko tu.

Jumanne tarehe 9 Mei 2023, figo zikiwa zimekataa kabisa, aliuliza tena, akajibiwa meupe, akaomba kikombe cha hayo ya mtaroni ayaonje. Mwanawe alimpa ya bomba. Alikunywa yote, akasema basi kazi haikupotea, na saa nane mchana akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wafanyakazi wenzake waliokuja kumtazama na kuitunza siri yetu, na majirani mlioanika nguo zenye madoa nyuma ya nyumba ili mjukuu wake asizione akaropoka mbele yake.

Baba, tumepita mtaroni asubuhi hii tukikuleta. Maji bado ni mekundu. Tulijaribu, hatukuweza, na aliyejua kuosha punje ni wewe peke yako. Tusamehe, mzee wetu, na upumzike kwa amani.