Mama Mchuaji na Mguu wa Dereva

Ndugu, majirani na wote mliokuja kumsindikiza dada yetu, haya ninayosoma, isipokuwa habari za kifo chake na shukrani, aliyapitia mwenyewe wiki tatu kabla ya kufariki, akafuta sifa nyingi tulizomwandikia, akabakiza jambo moja ambalo sisi tulitaka lifutwe.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Mchuaji, alizaliwa tarehe 11 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi seremala na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na tangu ana miaka tisa ndiye aliyemkanda baba mabega kila alipoweka randa chini, kazi ambayo sisi wadogo zake tuliikwepa kwa visingizio.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na sekondari mwaka 1976, akahitimu chuo cha afya mwaka 1979 kama msaidizi wa tiba ya viungo, na tarehe 7 Januari 1980 akaanza kazi hospitali kuu, katika chumba chembamba chenye kitanda kimoja na rafu ya taulo, ambako mzee mmoja aliyeingia shingo imekakamaa alitoka akigeuka huku na huku, akisalimia hata watu asiowajua.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na mpiga chapa, aliyekuja kutibiwa mgongo na, kwa kauli yake mwenyewe, akaendelea kuumwa wiki sita baada ya kupona, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1984 na 1987.

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, alimpokea dereva wa lori aliyekuwa ameketi kwenye usukani siku mbili mfululizo, shavu la mguu wa kushoto limevimba na lina joto, akadhani ni misuli iliyokaza, akamchua nusu saa nzima. Dereva alisimama akacheka, akamwambia, "Dada, umenirudishia mguu wangu," na alasiri hiyo hiyo akaanguka mlangoni kwake, akafa. Daktari alieleza kwamba damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda hadi kwenye mapafu, na kamati ya uchunguzi ya hospitali ikamwandikia dada yetu barua kwamba huenda ingepanda hata bila kuguswa. Aliisoma barua ile mara moja, akairudisha kwenye bahasha, akaomba ahamishiwe chumba cha kufulia mashuka, akakaa huko miaka mitatu bila kumgusa mgonjwa, wala mumewe hakuthubutu tena kumwambia mgongo unamuuma.

Mwaka 2001 alikubali kurudi, lakini kufundisha, na kila darasa alilianza na habari ya dereva, asijifiche, akiwaamuru wanafunzi watazame miguu yote miwili kabla ya kugusa mmoja. Binti yake mkubwa alimsihi, "Mama, yatosha, unajitia aibu," naye akajibu, "Aibu ni yangu, mguu ni wa mtu." Kila mwezi Juni alikwenda kwa mjane wa dereva, na mwaka wa nne mjane alimwambia mlangoni, "Sijakusamehe, ila usiache kuja," basi hakuacha.

Mumewe alifariki mwaka 2015. Yeye aligundulika kuwa na saratani ya kongosho mwezi Septemba 2023, maumivu yakamkaza mwili wote, akawa anawaelekeza mabinti wapi wakande na wapi waache, hadi tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani waliopokezana kukesha, wenzake wa kazini, na wanafunzi wake, ambao mmoja wao mwaka jana alikataa kuchua mguu uliovimba, akamkimbiza mgonjwa kwa daktari, na mgonjwa huyo yu hai.

Tunamshukuru pia mjane aliyeketi safu ya nyuma, aliyefika leo kabla ya watu wote. Hatujamuuliza amekuja na neno gani, na hatutamuuliza.

Dada, upumzike sasa, kwa amani uliyoikosa.