Karatasi za Jumatano za Mwalimu Mwanahija

Assalaam alaykum. Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Utende leo Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, mnayosomewa ni historia ya Mwalimu Mwanahija binti Ussi Luqmani, na anayeisoma ni mdogo wake, Shamte Ussi, ambaye marehemu alimbeba mgongoni, akamfundisha herufi, na mara moja, kama mtakavyosikia, akamwokoa na aibu isiyofutika.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Utende tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa Mzee Ussi na Bi Mwanasiti, akasoma shule ya msingi kuanzia 1972 hadi 1978, akavuka bahari kwenda sekondari Dar es Salaam, akamaliza 1982, kisha akasomea ualimu Mtwara na kuhitimu 1985. Tarehe 6 Februari 1988 aliolewa na Bwana Hafidhi Sadick, fundi wa mashua kutoka Juani, wakajaaliwa watoto wawili, Tofiki na Swabaha, na kama darasani alikuwa mkali, nyumbani ndiyo usiseme.

Alifundisha miaka ishirini katika shule za msingi, na mwaka 2006 akahamia sekondari kufundisha Kiingereza, na huko ndiko alikoanzisha Karatasi za Jumatano. Kila Jumatano kila mwanafunzi alileta kutoka kwao kitu chochote chenye maandishi ya Kiingereza, boksi la dawa, kitabu cha injini ya boti, mfuko wa mbegu, nao wakasoma, wakapima dozi kwa kijiko na maji, wakafungua injini na kuifunga, wakabishana bila kutukanana. Alisema mtoto anayekariri vitenzi lakini hawezi kumsomea mama yake maelezo ya dawa amefundishwa nusu. Na sentensi ya kwanza aliyomfundisha kila mtoto, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ilikuwa hii: nipe muda nisome.

Wapo waliosema mwalimu anapoteza wakati wa mitihani, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Shamte.

Mwaka 2012 mgeni mmoja kutoka bara alitaka kujenga hoteli katika shamba la minazi aliloacha Mzee Ussi, na Shamte, msimamizi wa shamba hilo, akakubali kumkodisha kipande cha mbele, upande wa pwani, akapewa mkataba wa Kiingereza ausaini Ijumaa. Jumatano ya tarehe 12 Septemba binti yake Fauzia, wa kidato cha pili, hakuwa na karatasi ya kupeleka shule, na baba mtu akamkabidhi mkataba ule kwa majivuno, ili shangazi yake ajue kwamba kwa Shamte nako kuna karatasi zenye mihuri.

Darasa lilisoma ibara kwa ibara, na jioni Mwanahija akamrudisha Fauzia nyumbani, akamwomba mdogo wake asisaini kwanza. Shamte alighadhibika, akasema siri za nyumba zimeanikwa mbele ya watoto, na kesho yake akamshitaki dada yake kwa kamati ya shule, ambayo ilitaka kulifuta somo lile. Marehemu hakujitetea. Aliomba jambo moja tu, Fauzia asome karatasi ile mbele ya wazee na kuifasiri, na mtoto akasoma mpaka ibara iliyosema kwamba linalokodishwa ni shamba zima, pamoja na makaburi ya wazee wetu, na kwamba wenye shamba hawataingia bila kibali cha mpangaji. Shamte alilia mbele ya watu, hakusaini, na Jumatano hazikuguswa tena mpaka mwalimu alipostaafu mwaka jana. Fauzia sasa anafundisha Juani, na anaziendeleza.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Februari mwaka huu, akatibiwa Kilindoni na Dar es Salaam, na kila alipopewa fomu aliwaambia madaktari, nipe muda nisome, nao wakamsubiri. Alifariki jana, Alhamisi, saa nane mchana, nyumbani kwake, watoto wake wakiwa pembeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira hiyo, majirani waliopika na kuchota maji, walimu wenzake, na wanafunzi wake waliobeba jeneza kwa kupokezana. Shamte anaomba radhi kwa dada yake mara nyingine, mbele yenu, kwa kuwa mbele yenu ndiko alikomkosea.

Pumzika kwa amani, dada, kando ya baba na mama, katika shamba hili ambalo leo tumeingia kukuzika bila kumwomba mtu kibali. Amin.