Mshale Mmoja Ambao Mikidadi Hakuuvunja

Sogeeni jamani, mlio nje ya uzio ingieni, wanaotwanga kahawa waweke mchi chini, na wewe Ausi njoo mpaka jamvi la mbele, maana siku tatu hizi umekaa peke yako juani, hakuna aliyekupa hata kikombe cha maji, watu wananong'ona kwamba umemuua shemeji yako. Haya ni maneno ya Mwanamvua, bibi aliyemlea marehemu, yanasomwa kwa niaba yake na jamaa wa nyumba, nayo yanakuhusu wewe kuliko wote. Tunaomba kimya.

Marehemu Mikidadi wa Pazi alizaliwa hapa Makurunge, Ijumaa ya pili ya mwezi wa Rajabu, mwaka 1273 wa Hijiria, na mama yake hakumaliza arobaini, akafariki, basi bibi akamchukua mtoto akiwa mwekundu bado, akamlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama, akalala naye kitanda kimoja hata alipoanza kuota meno ya pili. Mwaka 1280 alipelekwa Bagamoyo, chuoni kwa Mwalimu Seleman, akahitimu Kurani mfunguo mosi, mwezi wa kwanza baada ya mfungo, mwaka 1284, ijapokuwa mwalimu alilalamika kila alipomwona bibi sokoni kwamba kalamu za mwanzi anazompa mtoto aandikie zinarudi zimetiwa manyoya ya kuku.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, Mwinyimvua, kuanzia mwaka 1287, na ilikuwa kazi ya mishale, kukata fimbo za mkole zilizonyooka, kuzikausha juu ya meko siku arobaini zinywe moshi, kuzinyoosha kwa moto, kisha kuzitia manyoya matatu ya kanga, yote ya bawa la upande mmoja, kwa sababu ukichanganya la kulia na la kushoto mshale unagombana na nafsi yake hewani. Kila mshale aliuzungusha juu ya ukucha wa dole gumba auone kama unatetema, akauchapa kwa kidole ausikilize, halafu akaupiga mara tatu kwenye shina la mgomba, na ukipinda hata mara moja aliuvunja gotini na kuutupa motoni. Mjomba alikuwa akimcheka: "Huo ukiupiga hapa utakwenda kumsalimia mtu Lugoba." Lakini ukubwani hapakuwa na wa kumcheka, wawindaji walikuja kutoka huko huko Lugoba, na wote walijua kwamba mshale ukiukuta mzima katika nyumba ya Mikidadi, ni mshale mzuri, kwa kuwa mbaya hauachwi mzima.

Alimwoa Dija, binti wa Kerege, mfunguo sita mwaka 1295, na kwa ndoa hiyo akampata Ausi, kaka yake Dija, wakawinda pamoja miaka tisa, mmoja akiswaga wanyama na mwingine akivuta upinde, wakigawana podo moja la mishale kama watoto wa tumbo moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mina, mfunguo tano mwaka 1297, na Ramadhan, mwaka 1301.

Mina ndiye aliyekuwa akishinda kwa baba yake. Mwezi wa Rajabu mwaka 1303 alitengeneza mshale wake, akaufunga manyoya mwenyewe kwa uzi mwekundu, akayachanganya ya kulia na ya kushoto, akasema, "Baba, na wangu ujaribu." Baba akautia kigumba cha chuma ili mtoto afurahi, akaupiga mara tatu, mara tatu ukaenda upande, naye akamwambia ni mzuri sana, atauvunja nani huo. Mwezi uliofuata ndui ikamchukua Mina. Ule mshale baba yake akauchomeka juu ya meko, katikati ya fimbo zinazokauka, asimwambie mtu, hata mkewe.

Jumatatu, tarehe nne ya mfunguo pili, mwaka huu wa 1304, Mikidadi na Ausi waliondoka alfajiri kwenda kuwinda kuro kando ya Ruvu, na mishale haikupakwa sumu, kwa kuwa walitaka mnyama awahi kisu akiwa hai. Ausi alilenga kuro, akasema bismillahi, akaachia, na mshale ukakata kulia ukamwingia Mikidadi kwenye paja, naye alikuwa mbali kabisa na mnyama. Alirudishwa kwa machela, jeraha likaoza, homa ikampanda, na siku ya saba aliomba aonyeshwe mshale ule. Alipouona uzi mwekundu aliwatoa watu wote nje, akabaki na bibi yake.

"Bibi, nani ameushusha huu?"

"Mimi, mwanangu. Niliona ni mzima."

Macho ya bibi yana ukungu, uzi hakuuona, alipapasa tu mshale uliokwisha kukauka, akautia podoni ili mjukuu asipungukiwe. Mikidadi akasema, "Usiseme. Nitasema nimeutia mwenyewe." Akawaambia wazee hivyo, nao wakadhani anamfichia shemeji yake. Alifariki Jumatano, tarehe kumi na tatu, adhuhuri, mkono wake ukiwa katika mkono uliomlea. Bibi alimwahidi kunyamaza, na leo ameivunja ahadi hiyo mbele yenu, kwa sababu Ausi alilenga sawasawa.

Tunamshukuru mganga Salumu, aliyekuja mara tatu kwa miguu kutoka Bagamoyo, wawindaji waliobeba machela bila kuitua, na majirani waliotuchotea maji mpaka leo. Pumzika Mikidadi, na mtoto wako akupokee.

Nyumba na minazi imebaki kwa Dija na Ramadhan, kama Mwalimu Seleman alivyogawa. Kisu na vyombo vya kazi ni vya Ramadhan, atafundishwa kuvitumia na mjomba wake, Ausi. Upinde ni wa Ausi, na ameupokea leo kutoka mkononi mwa bibi. Mshale wa Mina ameurithi bibi, umerudi mahali pake juu ya meko, na yeyote atakayeukuta pale mzima, tunamwomba asiushushe.